Mstari wa Saba

Kadutu, saa mbili usiku. Mbabula zimewaka,
na wenye jiko la umeme nao wamewasha,
basi umeme wa Ruzizi unapanda mlima ukihema
kama mbeba gunia la makala,
na taa ya wodi inageuka rangi ya chai ya maziwa.

Ndipo ninapofungua kisanduku.
Kompyuta ndogo, bodi yake inaenea kiganjani,
ndiyo inayotunza daftari la kliniki:
nani kajifungua, saa ngapi,
mtoto kilo ngapi, kalia au hakulia.
"Ina homa," kaniambia muuguzi Nzigire.
"Inazima katikati ya jina."

Nikaiuliza bodi: una joto gani?
Ikanijibu kwa mistari minane isiyo na majina,
namba tupu, kama wagonjwa waliofika bila karatasi.
Moja ishirini na tisa. Moja sabini na nane.
Moja mia na ishirini na saba, haipandi, haishuki:
huo ni mdomo usio na mwili,
mahali palipoachwa kwa kipimo
ambacho kiwandani hawakukifunga.

Nitajuaje nani ni nani?
Nikaweka kidole juu ya chipu ya pembeni.
Ishirini na tisa ikawa thelathini,
ikawa thelathini na mbili.
Nikasoma damu yangu kwenye kioo.
Nikaandika: *pembeni*.
Sabini na nane ilikuwa prosesa,
na feni yake ilijikokota kwa sababu ya pamba,
pamba ya wodini, nyeupe, imesokotwa shingoni.
Niliivuta kwa kibanio cha Nzigire
naye akakichemsha upya bila kusema neno.

Volti ni kazi nyingine.
Chipu haiwezi kumeza volti kumi na mbili,
itaungua ulimi. Huonjeshwa kijiko,
nami naandika sufuria ina vijiko vingapi.
Nikazidisha. Kumi na moja nukta sita.
Mchuzi mwepesi,
lakini ni mchuzi.

Faili la mipangilio lilikuwa la Ntakwinja,
fundi aliyenitangulia, aliyekwenda Kalemie bila kuaga.
Kila mstari aliuacha kimya, isipokuwa mmoja:
*Wa saba, puuza.
Unalia usiku, unaamsha watoto.*

Nikafuta neno *puuza*.
Mashine ikalia palepale, sauti nyembamba,
na kitanda cha nne mtoto akaijibu.
Volti mbili nukta moja:
betri ya saa, ile ndogo kama kifungo cha shati,
inayokumbuka tarehe umeme ukikatika.

Nikamtazama Nzigire. Akavuta daftari.
Tarehe mosi Januari, mwaka elfu mbili.
Tarehe mosi Januari, mwaka elfu mbili.
Watoto kumi na watatu wa msimu huu wa mvua,
wote wa siku moja, saa sita usiku na dakika chache,
na wengine, kwa hesabu hiyo,
ni wakubwa kuliko mama zao.

"Mimi naandika inachosema," alisema.
Kisha akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

Betri nilinunua Nyawera, kwa fundi wa saa
aliyeijaribu kwa ulimi kabla ya kunipa.
Volti tatu nukta sifuri tano.
Nikaandika chini yake: mbili nukta saba, lia.
Lia hata wakiamka.

Wiki nzima Nzigire alipiga simu.
Cishugi: Jumanne ile ukuta wa jirani uliporomoka.
Mapacha wa Furaha: siku ya soko, sabuni ilikuwa imepanda.
Mwingine mama alikuwa ameandika mkononi kwa kalamu,
akahamishia ukutani kabla ya kuoga.
Kumi na wawili tukawarudishia siku zao.

Wa kumi na tatu, simu ya mama haipatikani.
Msichana, kilo mbili na nusu, alilia mara moja.
Nimeuacha mstari wake wazi,
si sifuri, si Januari,
na joto la bodi usiku huu ni arobaini na nne.